Mshenga Mwenye Karama: Mjadala wa Kitale na Bungoma

Katika hadithi zinazosomwa na vijana wa zama hizi kuna aina moja iliyotapakaa mno, nayo ni ile ya msichana wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, mwanafunzi kama wanafunzi wengine, ambaye amejaliwa, au pengine amerithishwa pasipo kutaka, karama isiyo ya kawaida ya kujua ni nani amfaaye nani. Akigusa viganja vya watu wawili, au akiwatazama machoni, huona mahaba yaliyositirika baina yao, naye hujitwika kazi ya kuwaunganisha, hata mambo yanapomgeukia na kumwelemea yeye mwenyewe. Vitabu hivyo aghalabu vimeandikwa Marekani na Uingereza, hasa tangu mwaka 2005, Stephenie Meyer alipotoa Twilight na mapenzi yaliyochanganywa na mambo ya ghaibu yakawa biashara kubwa. Vikafika kwetu, vingine kwa maduka, vingine kwa simu, na leo havikosekani katika mabweni ya shule za wasichana, tangu Kitale hadi Bungoma, magharibi mwa Kenya.

Suali ni kama hadithi ya namna hii inawafaa vijana wetu, na ikiwa inawafaa, kama haijawa wajibu wetu kuiandika wenyewe, kwa Kiswahili, ikiwa na vijia na milima ya huku. Nimeona ni bora nilijadili kwa sauti kadhaa kuliko kwa sauti yangu peke yangu, kwa kuwa kila upande una haki yake ya kusikizwa. Wasemaji ni wanne, nao si watu fulani wenye majina, ila ni watu wa namna tunayokutana nayo kila siku katika miji hiyo miwili na vijiji vilivyo baina yake: mwalimu wa kike anayefundisha Kiswahili; mzee wa Kibukusu aliyekuwa mshenga wa ndoa nyingi; mwuza vitabu vikuukuu; na msichana wa kidato cha tatu. Mimi mwandishi nitaingilia pale tu nitakapoona pana haja.

MWALIMU: Nianze kwa kusema kwamba mimi si adui wa hadithi za mapenzi, wala siwezi kuwa, kwa maana ukiyatoa mapenzi katika fasihi ya Kiswahili utabaki na kurasa chache mno. Nakumbuka pia yaliyoipata Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuwa ilisema wazi mambo ya wasichana, kisha baadaye ikaruhusiwa na kusomeshwa. Nami sipendi kuhesabiwa miongoni mwa wanaokihukumu kitabu kabla ya kukifungua. Hofu yangu imo katika hiyo karama. Tembeeni katika mji wa Kitale, kutoka kituo cha magari hadi sokoni, mzitazame nguzo za umeme: nguzo baada ya nguzo imebandikwa kikaratasi cha mganga, chenye nambari ya simu, kinachoahidi kumrudisha mpenzi aliyeondoka, kumtuliza mume asitange, na kumvuta umtakaye hata kama yeye hakutaki. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ingali katika vitabu vya serikali, lakini vikaratasi havipungui. Basi msichana anayepita mbele ya nguzo hizo asubuhi na jioni, ukimpa tena kitabu kinachomwambia kwamba mapenzi huletwa na nguvu zisizoonekana, utakuwa umemfundisha kwamba moyo wa mwenzake ni kitu cha kukamatwa. Na mafunzo hayo hayaishii kitabuni, kwani kijana wa kiume naye hujifunza kwamba msichana asemaye hapana hajakataa, bali hajapatiwa dawa yake.

MWUZA VITABU: Mwalimu, hayo ni mazito, wala siwezi kuyapinga kwa elimu, kwa kuwa yangu ni elimu ya meza iliyo kando ya barabara. Lakini niwaeleze ninayoyaona. Mama wa miaka hamsini hunijia akaulizia vitabu vya Mills & Boon, kampuni iliyokuwako London tangu mwaka 1908, akaniambia kwamba ndivyo alivyovisoma akiwa shuleni, chini ya blanketi, kwa tochi. Binti yake huja wiki ya pili akaulizia vyenye majini na malaika na watu wanyonyao damu. Wakati wa vitabu vya Pacesetters, vile ambavyo Macmillan walianza kuvitoa mwaka 1977, vijana walisoma mapenzi ya Lagos na ya Nairobi, na wahusika wakawa na majina yanayotamkika. Leo hivyo ni vichache, na vilivyopo vina kurasa zilizogeuka rangi ya chai. Kitabu kilichosomwa nakitambua kikirudi: kona zimekunjika, gamba limevikwa gazeti la Taifa Leo ili kipite mbele ya matroni kama kitabu cha hesabu, na ndani kuna majina ya wasomaji yaliyoandikwa kwa penseli, moja chini ya jingine. Kitabu cha Kiswahili chenye hali hiyo sikipati. Nina riwaya za Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri. Viliuzwa sana miaka vilipokuwa vikitahiniwa, na ule mwaka wa mtihani ulipokwisha nikaachiwa marundo. Havina kosa, ni vitabu vyema. Lakini msomaji hakuvichagua, aliamriwa.

MWANAFUNZI: Mwalimu, kwa adabu na taadhima naomba niseme. Mwasema juu ya vitabu kana kwamba tukinyang'anywa tutaacha kufikiri mambo hayo, nasi twayafikiri kabla ya kusoma na baada ya kusoma. Anachonipa yule msichana wa kitabuni ni faraja ya kuona mtu wa rika langu akipewa kazi kubwa, watu wazima wakimtegemea, naye akiogopa. Ila jambo moja huniudhi. Anaishi katika mji wenye theluji, anakwenda shule kwa gari lake mwenyewe, na bibi yake aliyemrithisha karama amezikwa nchi nisiyoijua. Mimi bibi yangu, kukhu wangu, yuko hai karibu na Chwele, na mambo anayoyasimulia jioni yanashinda hayo yote. Kwa nini asiandikwe msichana wa Kitale? Nimekwisha kumfikiria. Darasa lake limepelekwa Makumbusho ya Kitale, pale penye nyumba za kienyeji za makabila zilizojengwa uani. Amegusa kigoda cha zamani, na tangu siku hiyo akishika mikono ya watu wawili huyaona yatakayowapata wakiwa pamoja. Wa kwanza kuwaona ni msichana wa Kibukusu na mvulana wa Kisabaoti.

Hapa mwuza vitabu alicheka kwa furaha, lakini mzee alikuwa ameinama, na kwa muda hakusema.

MZEE: Mjukuu wangu, umeanza mahali pagumu. Wewe hukuwako mwaka 1991 na 1992, nyumba zilipochomwa Trans Nzoia na kando ya mlima, na watu waliooana wakaulizana usiku mmoja ni nani aondoke na watoto waende na nani. Wala hukuwako, au ulikuwa mchanga bado, siku za vita vya Mlima Elgon, tangu 2006 hadi 2008. Mimi niliwaoanisha watu wa mataifa hayo mawili kabla ya hayo na baada ya hayo. Na babu zetu hawakutuacha bila hadithi ya ujirani huo, maana Mango, yule aliyemwua joka pangoni, tunasimuliwa kwamba alitahiriwa na hao hao majirani zetu Wasabaoti, na ndiyo sababu hata leo, mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wetu huingia jandoni. Basi neno lako si geni. Lakini nieleze: huyo msichana wako akisha kuona, hufanya nini?

MWANAFUNZI: Huwaunganisha, Kuka, babu yangu. Huwaandikia barua, humpangia huyu apite pale ambapo yule amesimama. Na pengine huwatia pendo kidogo mioyoni, wasiogopane.

MZEE: Hapo ndipo mimi na Mwalimu tunakuwa upande mmoja. Sikiliza kazi ya mshenga ilivyo. Mshenga hafiki kwa watu akaanza na lililomleta. Huketi, akauliza habari za mvua, za mahindi, za mtamba aliyenunuliwa mwaka jana; chai ikiletwa huinywa polepole, na wakati huo wote macho yake yako kazini. Ni nani katika nyumba ile aitwaye akatumwa, na ni nani asemaye akasikizwa? Mama wa msichana akitia neno, baba humngojea amalize au humkatiza? Mtoto mdogo akimwaga maziwa, hupigwa au huambiwa? Hayo huyaoni katika kiganja. Kisha huuliza ukoo: wa baba, wa mama, wa bibi mzaa baba na bibi mzaa mama, kwa maana kwetu hakuna kuoa katika koo hizo, na shauri lote huvunjika pale pale likiguswa hata moja. Akisha kujua yote hayo, bado hana ruhusa ya kumfungia mtu. Huwapelekea wenyewe alichokiona, nao wakakubali au wakakataa. Nimekataliwa mara nyingi, na mara nyingine nikashukuru baadaye.

MWUZA VITABU: Na hiyo karama, mzee, kwenu haipo?

MZEE: Ipo, kwa itikadi yetu. Wazee walimsikiliza Mutonyi wa Nabukelembe na Maina wa Nalukale, waliotabiri kuja kwa wageni weupe kabla hawajaonekana. Na iko kumusambwa, roho ya jadi inayoshuka katika ukoo, ambayo humshika mtu akawa ngariba kama babu yake, akatetemeka, na akiikataa, husemwa, huugua. Hakuichagua. Basi msichana anayeshikwa na ushenga wa bibi yake naweza kumwamini kuliko huyo wa kugusa kigoda cha makumbusho. Lakini angalieni: Mutonyi alipowaona wageni wanakuja hakuwaleta yeye. Aliona, akasema. Anayewatia watu pendo kwa siri, huyo jina lake limo katika vikaratasi vya nguzoni.

Naomba niingilie hapa, kwa kuwa mzee ameligusa jambo ambalo watunzi wakubwa wa dunia walilijua, na ambalo wanaoiga vitabu vya leo hulisahau. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha Kamaruzamani na Budura, mwana wa mfalme na binti wa mfalme, kila mmoja katika nchi yake, wote wawili wakikataa kuolewa na kuoa hata wakafungwa na baba zao kwa ukaidi. Majini wawili, Maimuna na Dahnashi, wanabishana ni yupi kati yao mzuri zaidi, na ili kuukata ubishi wanambeba binti akiwa usingizini na kumlaza ubavuni pa mvulana, wanawaamsha kwa zamu, kisha wanamrudisha kwao kabla ya mapambazuko. Asubuhi, kila mmoja anaamka na pete isiyo yake kidoleni na mapenzi yasiyo na mtu wa kuyaelezea, na jamaa zao wanawadhania wamepagawa. Ni hadithi tamu, imedumu karne nyingi, na utamu wake mkubwa unatokana na dhuluma ile waliyotendewa wapendanao: majini walijifurahisha, wakaenda zao, na hakuna aliyebaki kujibu. Shakespeare naye, katika mchezo wake mmoja, alimpa kijini Puck maji ya ua la mapenzi, naye akayatia katika macho ya asiyekusudiwa, na usiku mzima ukaharibika. Waama katika hadithi hizo mbili nguvu ya ghaibu haisifiwi. Inatazamwa ikikosea, na binadamu ndio wanaohangaika kuyatengeneza makosa yake.

Wala ghaibu si ngeni katika Kiswahili, hata mtu aseme kwamba tukiitumia tunaiga. Shaaban Robert aliwatia majini na watu waliogeuzwa manyani katika Adili na Nduguze, mwaka 1952, akakifanya kitabu cha uadilifu kuliko vitabu vingi vya kawaida. Na Muhammed Said Abdulla alichukua Giningi, mji wa wachawi wa masimulizi ya Kisiwani, akaufanya kisima cha riwaya yake ya 1968. Ama huku kwetu bara, aliyetuonyesha kwamba Kitale inaweza kuwa mwisho wa safari ya hadithi kuu ya Kiswahili ni Ken Walibora, aliyezaliwa Baraki, Bungoma, mwaka 1965, na kufariki Nairobi mwaka 2020. Katika Siku Njema, iliyotoka 1996, Kongowea Mswahili anaianza safari yake Tanga, anapita Mombasa na Nairobi, na baba anayemtafuta yuko upande huu wa Kitale. Wasomaji wa pwani waliifahamu Kitale kwa kitabu hicho kabla ya kuiona. Mlango ulifunguliwa, lakini waliopita humo wakiwa wameshika hadithi ya mapenzi ya vijana ni wachache kuliko wanavyostahili wasomaji wenyewe.

MWALIMU: Nakubali kwamba ghaibu ni yetu. Lakini hamjanijibu juu ya umri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kupata mimba, na mimi si mwalimu wa hesabu, ila madawati yaliyobaki matupu nayaona. Tangu mwaka 1994 serikali iliamuru warudi shuleni baada ya kujifungua. Wanaorudi nawajua kwa macho, na wasiorudi pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imesema miaka 18, hakuna chini ya hapo. Mzee wetu anasema kazi ya mshenga ni nyumba. Huyu msichana wa kitabu anawaunganisha watoto. Nyumba gani hiyo?

MWANAFUNZI: Mwalimu, je, hadithi ya mapenzi haina budi kuishia kwa harusi? Hiyo ni desturi ya vitabu vya zamani. Yangu naiona ikiishia kituo cha matatu cha Bungoma, mvulana amepata shule ya mbali, wameahidiana kuandikiana, na yule mshenga anajua kitakachotokea lakini amekatazwa kusema. Wasichana walioacha shule niliowajua mimi, wawili walikuwa majirani zangu, hawakuachishwa na kitabu. Hawakuwa na kitabu. Hakuna aliyepata kuwaambia kwamba mtu anaweza kupenda akangoja.

Kwa kweli Mwalimu hakujibu mara moja. Aliangalia nje ya dirisha, ambako lori la mahindi lilikuwa likishusha magunia, kisha akasema maneno yafuatayo, ambayo kwangu mimi ndiyo yaliyousogeza mjadala huu kuliko yote yaliyotangulia.

MWALIMU: Basi iandikwe hivyo, lakini mwandishi asinidanganye katika jambo moja. Katika vitabu hivi vya kigeni yule mshenga akikosea, hulia sura moja, akasamehewa sura ya pili, na waliooanishwa vibaya hupewa wapenzi wengine upesi upesi ili msomaji asisononeke. Jane Austen, mwaka 1815, hakufanya haraka hivyo: Emma, msichana wa riwaya yake, alikuwa akikaribia miaka ishirini na mmoja, tajiri, mwenye akili, hana karama yoyote isipokuwa kujiamini, na madhara aliyomtendea rafiki yake Harriet kwa kumchagulia mume hakuyafuta kwa machozi, alilazimika kuishi nayo akiyatazama. Nataka msichana wa Kitale ayatazame yake vivyo hivyo.

MZEE: Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu. Mwaka wa tano wa ndoa, mwana akimpiga mkewe na mke akarudi kwao, mtu anayetafutwa kwanza si chifu wala mchungaji. Ni mimi. Nimepanda kutoka Kimilili hadi Kapsokwony usiku, mvua ikininyea, kwenda kusikiza shauri lililoanzia kwenye chungu kilichovunjwa, kwa sababu miaka minane nyuma niliketi katika nyumba ile nikanywa chai na kusema kwamba kijana huyu namjua. Neno hilo, namjua, ndilo dhamana yangu. Hao majini wa Kiarabu hawakusema kwamba wanamjua mtu. Mjukuu wangu, ukiniandikia mshenga mwenye karama, mwandikie na njia ya kupanda usiku.

MWUZA VITABU: Na mimi nitakiuza, ila kisiwe na picha ya maua tu juu ya gamba. Kiwe na Mlima Elgon.

MWANAFUNZI: Nitamwacha aone, Kuka. Kulazimisha nitamnyima.

Mimi nimetosheka na shuruti hiyo ya mwisho, nami natoa hukumu yangu bila kusita: hadithi ya kijana mshenga mwenye kudra inawafaa vijana wa Kitale na Bungoma, na ni hasara kuwaachia waisome kwa lugha ya mbali ikiwa na miji ya mbali, maadamu kwetu iko misingi ya kuifanya iwe nzito zaidi, yaani karama inayorithiwa pasipo hiari, koo zinazozuiliana, majirani waliopigana na kuoana katika milima ile ile, na mshenga anayeulizwa baada ya arusi. Hofu ya Mwalimu juu ya nguzo za umeme ni ya haki, wala haijaondoka. Dawa yake ni kitabu kinachomwonyesha msichana tofauti iliyopo baina ya kuuona moyo wa mtu na kuufunga, na kumwonyesha kwa kisa chenye mvuto, kwa kuwa kwa hotuba wameonyeshwa sana. Wenye kuandika wako: wamo katika shule hizo, daftari zao zimejaa, na wengi wao wanaandika Kiswahili safi kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo nawasihi wahariri wa Nairobi, mswada wa namna hiyo ukiwafikia kutoka Bungoma au Kitale, msiurudishe kwa sababu ya mizimu mliyoikuta katika ukurasa wa kwanza. Usomeni hadi mwisho, mkaangalie mshenga anafanya nini siku anapoitwa usiku.